Wakuu naomba kueleweshwa: leza inapozaje ioni moja, na wanajuaje kwamba imetulia?

Mwl_Fizikia_Tbr (Isevya, Tabora)

Mwangaluka wana jukwaa, wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nafundisha fizikia kidato cha tano na cha sita hapa Tabora na nimekuja na swali ambalo darasa langu halitaki kuliachia.

Kuna kijana alikuja na ile picha ya Oxford iliyoshinda shindano la picha za sayansi Uingereza 2018, ina kidoti cha bluu kinachoelekea zambarau katikati ya vyuma viwili vyenye ncha vilivyoachana kama milimita 2, na kidoti chenyewe ni atomu moja tu ya strontiamu iliyonyang'anywa elektroni moja, yani ioni. Kamera ni ya kawaida kabisa ila waliacha lensi wazi muda mrefu ikusanye mwanga. Basi wakauliza maswali mpaka kengele ikagonga. Nikaingia mtandaoni kutafuta, nikakuta hesabu nyingi, hesabu nazifuata lakini kinachotokea pale ndani siioni picha yake kichwani, na kitu ambacho sikioni mimi nitakifundishaje.

Kinachonisumbua ni hivi. Kwanza inashikwa na nini pale katikati, maana haijagusa chuma chochote. Pili wanasema wameipoza kwa leza, sasa leza tunayoijua sisi inakata mabati, inachoma, ikimulika kitu inakiongezea nishati, hiyo ya kupoza inatoka wapi? Na la tatu ndo kubwa kwangu, wanasema wameituliza ile ioni mpaka imebaki na mwendo mdogo kuliko wote unaoruhusiwa na maumbile. Nani alipima? Kwa kipimajoto gani? Kipimajoto chochote utakachokigusisha kina mabilioni ya mabilioni ya atomu, kitaimeza hiyo moja.

Mwenye uelewa anisaidie, hata ikiwa ndefu nitasoma yote.

---

Mwanaziwa (Mwanga, Kigoma)

Mwakeye mwalimu. Swali zuri sana hili na nimefurahi limetoka darasani. Mimi masters yangu niliifanyia kwenye maabara ya mitego ya ioni kabla ya kurudi nyumbani Kigoma kwa hiyo nitaandika kwa urefu, vumilia.

Kushikwa. Kuna kanuni ya Earnshaw ya mwaka 1842 inasema chaji huwezi kuituliza angani kwa umeme uliosimama peke yake, ukiibana upande huu inatorokea upande ule. Mjerumani Wolfgang Paul akaizunguka kwa kuugeuzageuza umeme. Elektrodi, yani vile vyuma vya pembeni, zinapewa volti mamia zinazobadilika mara milioni kadhaa mpaka makumi ya mamilioni kwa sekunde, ioni ikianza kutorokea kushoto kabla haijafika mbali umeme umeshageuka unairudisha, ikielekea juu hivyo hivyo, na kwa wastani inajikuta inarudishwa katikati kila wakati. Alipewa Nobel 1989 pamoja na Dehmelt na Ramsey. Na vyote hivi vinafanyika ndani ya chombo kilichonyonywa hewa karibu yote, la sivyo molekyuli za hewa zinaigonga ioni inapotea.

Sasa mwalimu angalia hapa. Ioni inayorudishwa katikati kila inapotoka, na inarudishwa kwa nguvu inayokua kadiri inavyokwenda mbali, hiyo ni SHM (simple harmonic motion). Ile ile ya uzito kwenye springi unayofundisha kidato cha tano. Tofauti ni kwamba ioni inacheza kwenda na kurudi kama mara milioni moja kwa sekunde, megahezi 1 hivi. Kwa hiyo ukisikia "kudhibiti mwendo wa ioni" wanaongelea kuichezea hiyo SHM, kuipunguza, kuiongeza, kuisoma.

Kupoza. Chukua ioni ya kalsiamu ambayo ndo niliishi nayo. Inapenda mwanga wa nanomita 397, ni urujuani wa mwisho mwisho, jicho linauona kwa shida. Fotoni moja, yani kipande kimoja cha mwanga, ikimezwa inaisukuma ioni kidogo, piga hesabu ya momentamu utapata sentimita 2.5 kwa sekunde. Ioni ya kalsiamu kwenye joto la chumbani inakwenda zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Kwa hiyo fotoni moja haina maana lakini ioni inaweza kumeza na kutema mamilioni ya fotoni kwa sekunde moja, na maelfu kumi na kitu tu yakipiga kutoka mbele yanatosha kuisimamisha.

Ila lazima yapige kutoka mbele, yasipige kutoka nyuma. Hapo ndo Doppler anaingia. Ukisimama stesheni ya Tabora treni ikija inapiga honi sauti inakuwa nyembamba, ikishapita inakuwa nene, mwanga nao uko hivyo hivyo. Wanaiweka leza frikwensi yake iwe chini kidogo ya ile inayopendwa na ioni. Ioni ikisimama haiumezi sana ule mwanga, ikiwa inakimbilia kwenye leza inauona umepanda kidogo umefika pale inapopenda, inameza, inasukumwa nyuma. Ikiwa inaikimbia leza mwanga umeshuka zaidi, haiumezi. Na kwa vile inacheza huku na huku leza moja inatosha mradi imepita kimshazari ikagusa pande zote za mwendo.

Na nishati inaenda wapi? Hili wanafunzi watauliza. Ioni imemeza fotoni yenye nishati pungufu kidogo, ikatema yenye nishati kamili ya ngazi yake kwa wastani, ile tofauti imelipwa na mwendo wake. Mwanga unaotoka umebeba joto la ioni ukaondoka nalo, na ndo mwanga wa namna hiyo kamera ya Oxford iliushika. Leza inayokata bati iko tofauti kwa sababu mwanga ambao bati limeumeza halirudishi tena, nishati inabaki ndani inakuwa joto.

Wazo lilitolewa 1975, Hänsch na Schawlow kwa atomu, Wineland na Dehmelt kwa ioni, na 1978 likafanyika kweli, kundi la Wineland kule Boulder Marekani kwa magnesiamu na kundi la Heidelberg Ujerumani kwa bariamu. Swali lako la tatu nalirudia baadaye, umeme wa simu unaishia.

---

Fundi_Redio

Heshima kwako mwalimu, na wewe Mwanaziwa asante, nimeelewa kitu ambacho sikuwahi kukielewa. Lakini kuna sehemu nagoma. Joto ni kitu cha wengi. Tulifundishwa joto ni wastani wa nishati ya chembe nyingi zinazogongana. Chembe moja haina joto, ina kasi basi. Sasa mnaposema imepozwa mpaka digrii kadhaa mnapima joto la nani?

---

Mwl_Fizikia_Tbr

Fundi umesema lile lile lililoko kooni kwangu. Mwanaziwa chaji simu mkuu tunakusubiri.

---

Mwanaziwa

Nimerudi. Fundi hoja yako ni ya haki na kule maabara watu wengi hawasemi joto, wanasema "wastani wa fononi". Nieleze.

Hiyo SHM ya ioni ikishakuwa ndogo sana fizikia ya kwanta inasema nishati yake haishuki kama maji kwenye mtelemko, inashuka kwa ngazi. Kila ngazi ni kipande kimoja cha nishati sawa na h mara frikwensi ya mtego, hicho kipande ndo fononi. Ngazi sifuri ndo chini kabisa na hata hapo ioni haisimami kabisa, kuna mtikisiko unaobaki, kwa kalsiamu kwenye mtego wa megahezi 1 unaenea kama nanomita 11. Zaidi ya hapo huwezi kuituliza bila kuubana mtego wenyewe.

Ile njia ya Doppler haikufikishi huko. Kila fotoni inayotemwa inatoka upande wowote na inaipiga ioni teke la bahati nasibu, kwa kalsiamu unakwama kama nusu milikelvini, yani nusu ya sehemu ya elfu ya digrii juu ya sifuri kabisa, ambayo kwa mtego wa megahezi 1 ni wastani wa fononi 10 hivi. Kwa macho ya kawaida hiyo ni baridi isiyosemeka, kwa kazi ya kwanta bado ni fujo.

Sasa sikiliza hii sehemu maana kwangu mimi ndo uzuri wote ulipo. Kalsiamu ina ngazi nyingine ya elektroni inayofikiwa kwa mwanga mwekundu wa nanomita 729, na elektroni ikipanda pale inakaa kama sekunde moja nzima kabla ya kushuka. Kwa hiyo mstari wake, yani frikwensi inayokubali kuimeza, ni mwembamba mno. Na kwa kuwa ioni inacheza kwa megahezi 1, ule mstari unaota mistari miwili pembeni, mmoja megahezi 1 chini na mwingine megahezi 1 juu, wanaiita saidibendi nyekundu na saidibendi ya bluu, fundi wa redio hizi saidibendi unazijua kwenye AM. Leza ukiiweka juu ya saidibendi nyekundu fotoni imepungukiwa nishati ya kuipandisha elektroni, pungufu ni fononi moja kamili, ioni inaijazia kutoka kwenye mwendo wake. Elektroni imepanda, mwendo umeshuka ngazi moja. Unatumia leza nyingine ya nanomita 854 kuirudisha elektroni chini haraka bila kuuvuruga mwendo, unapiga tena, ngazi nyingine imeshuka. Unarudia mpaka chini. Ukiiweka kwenye saidibendi ya bluu kinyume chake, unaongeza fononi moja. Yani unapandisha na kushusha mwendo wa atomu moja kipande kwa kipande kwa kuchagua frikwensi tu! Frikwensi ya ile leza ni terahezi 411, hiyo ni megahezi milioni 411, na wewe unatofautisha megahezi moja pembeni yake, ndo maana frikwensi ya leza yenyewe inatulizwa kwa kulinganishwa na vioo viwili vilivyotenganishwa na kioo maalum kisichotanuka na joto.

Na kipimajoto, mwalimu, ni hizo hizo saidibendi. Ioni ikifika ngazi sifuri haina fononi ya kutoa. Ukiipiga kwenye saidibendi nyekundu haijibu, inakaa kimya. Ukiipiga kwenye ya bluu inajibu kama kawaida maana kupokea inaweza. Kwa hiyo unalinganisha. Unajuaje imejibu? Unawasha ile 397, kama elektroni haikupanda ioni inawaka, kamera inakusanya fotoni, kama ilipanda ioni ni giza tupu. Waka au giza, hakuna katikati. Kila kipigo kinakupa jibu moja tu la ndiyo au hapana, kwa hiyo unaipoza upya, unapiga, unasoma, mara mia au mia kadhaa, unapata uwezekano.

Mfano kwa ubao: nyekundu imejibu 5 katika 100, bluu 50 katika 100. Uwiano R ni 0.1. Wastani wa fononi ni R gawanya kwa (1 − R), yani 0.11. Maana yake kila mara kumi unazoitazama ioni, mara tisa hivi iko chini kabisa. Na ndo jibu kwa fundi: wingi uko kwenye marudio, ni ioni ile ile moja imeulizwa swali lile lile mara nyingi, na majibu yakipangwa yanafuata mgawanyo ule ule wa Boltzmann, ule wa nishati za chembe nyingi zenye joto. Hapo unaruhusiwa kutamka joto.

Kundi la Wineland walifika chini kabisa mara ya kwanza 1989 kwa ioni ya zebaki. Mwaka 1996 wakafanya kubwa zaidi, ioni moja ya beriliamu ikawekwa kwenye mwendo wa namna mbili kwa pamoja, sehemu zake mbili zikiachana kama nanomita 80 wakati kila sehemu upana wake ni nanomita 7 hivi. Wineland akapewa Nobel 2012 pamoja na Mfaransa Haroche.

---

Binti_Ujiji

Kaka Mwanaziwa umeeleza vizuri mno. Naomba niongezee upande wa faida maana wanafunzi wa mwalimu lazima watauliza inasaidia nini, na mimi nasomea upimaji ardhi, hili limetugusa moja kwa moja.

Kuna ioni ya alumini. Hiyo ina mstari mzuri kupita kiasi kwa kutengeneza saa, yani frikwensi yake ndo inahesabu muda, karibu hausumbuliwi na chochote, ila ina kasoro moja, mwanga wa kuipoza na kuisoma ni nanomita 167, huko mbali kwenye urujuani ambako leza zenyewe ni taabu kuzipata. Walichofanya kule Boulder, matokeo yakatoka 2005, waliiweka alumini kwenye mtego mmoja na ioni ya beriliamu. Zote zina chaji zinasukumana, kwa hiyo haziwezi kucheza kila mmoja kivyake, mwendo ni wao wote wawili. Ukiipoza beriliamu alumini inapoa pamoja nayo bila kuguswa. Halafu alumini ikipigwa na leza yake, jibu lake linahamishiwa kwenye mwendo wa pamoja kama fononi moja, na beriliamu inaisoma hiyo fononi kwa saidibendi kama alivyoeleza kaka, inawaka au inazima. Yani atomu moja imemsomea jirani yake kupitia mtikisiko. Wazo kama hilo la kutumia mwendo wa pamoja ndo wanafizikia Cirac na Zoller walilitoa 1995 kwa ajili ya kompyuta za kwanta, na mpaka leo kompyuta za ioni zinazungumzisha ioni zake kwa njia hiyo.

Sasa hiyo saa. Mwaka 2010 walichukua saa mbili za alumini wakainyanyua moja sentimita 33, na wakaona imekwenda haraka zaidi kuliko ya chini, kama Einstein alivyosema kwamba muda unakwenda pole karibu na ardhi. Sentimita 33 tu! Tuilete kwetu. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari na Tabora kama mita 1200. Hiyo tofauti ya mita 400 na kitu inafanya saa iliyoko Tabora iitangulie ya ufukweni Kibirizi, Kigoma, kwa karibu sehemu 4 za bilioni za sekunde kila siku. Kwa saa hizi hiyo ni tofauti kubwa wanaiona waziwazi. Sisi wapima ardhi tunabeba vifaa kilomita kwa kilomita kupata urefu kutoka usawa wa bahari, na makosa yanajilimbikiza njiani. Siku saa hizi zikiweza kusafirishwa na kuunganishwa kwa nyaya za fiba utapima urefu wa sehemu mbili kwa kulinganisha muda wao, na hapo kutakuwa na kazi ya kufanya Kigoma, ziwa linavyopanda na kushuka watu wanahama nyumba.

---

Fundi_Redio

Dada nimekusoma mara mbili. Na Mwanaziwa nimekubali, marudio ndo wingi, sina tena ubishi.

Mwalimu nina pendekezo la darasani. Huyo Paul kwenye mhadhara wake wa Nobel alionyesha mfano wa mkono, umbo la tandiko la farasi, pande mbili zimeinuka pande mbili zimeinama, ukiweka goroli juu yake linaporomoka, ukilizungusha tandiko kwa kasi inayotosha goroli linabaki katikati. Seremala yeyote hapo Tabora anaweza kulichonga kwa mninga, ukalifunga juu ya habi ya baiskeli. Usitumie mota ya feni moja kwa moja, inakwenda kasi mno na tandiko la mbao likichomoka linaumiza mtu. Na kuna wanaotengeneza mtego halisi wa vumbi kwa umeme wa volti elfu kadhaa, nakuomba usijaribu darasani, mimi hiyo volti naijua.

---

Mwl_Fizikia_Tbr

Nimepata zaidi ya nilichokuja kutafuta, asanteni sana wote. Tandiko nitalipeleka kwa seremala wiki hii. Nataka wanafunzi wahesabu wenyewe kasi kabla hatujalizungusha, Mwanaziwa kuna fomula rahisi?

---

Mwanaziwa

Ipo mwalimu. Kama kimo cha ukingo kutoka katikati ni h na umbali wa kutoka katikati mpaka ukingoni ni r, kasi ya mzunguko ikiwekwa kwenye mraba lazima izidi 2gh gawanya kwa mraba wa r. Chukua h sentimita 3 na r sentimita 10, inakuja kama radiani 7.7 kwa sekunde, yani zaidi kidogo ya mzunguko mmoja kwa sekunde, mkono unaweza. Fomula ni ya chembe inayoteleza bila msuguano, goroli linabiringika kwa hiyo wazungushe kwa kasi zaidi ya hapo. Litakaa sekunde kadhaa halafu litajisogeza nje polepole, msuguano ndo unalitoa, waulize kwa nini msuguano hapa unatoa badala ya kutuliza maana ni swali gumu na zuri. Na uwaambie kwenye mtego wenyewe wa ioni tandiko halizunguki, linapinduka tu, palipoinuka panainama na palipoinama panainuka, mamilioni ya mara kwa sekunde. Mwambie seremala alisugue msasa laini sana pale katikati, kijibonge kidogo tu kinaharibu kila kitu.